Sura ya Nne: Mto Haupakwi Bluu

Mwaka 1819, kwenye maonyesho ya Royal Academy jijini London, watu walikuta picha yenye upana wa karibu mita 1.9 isiyokuwa na mfalme, vita wala malaika. Ndani yake mlikuwa na mto mdogo wa mashambani, mawingu, miti mikubwa, kibanda, na farasi mweupe aliyesimama juu ya tishari akivushwa kwenda ng'ambo. Siku zile picha za ukubwa huo zilitengewa mambo mazito: historia, Biblia, visa vya Wagiriki wa kale. Mchoraji huyu alikuwa amempa heshima hiyo farasi wa kazi.

Jina lake John Constable, na alikuwa na miaka 42. Rafiki yake, kasisi John Fisher, aliinunua picha hiyo kwa gini 100, na mwaka huohuo Royal Academy ikamkubali Constable kuwa mwanachama mshiriki. Shule ya taasisi hiyo alikuwa ameingia mwaka 1799. Ina maana kwamba alihitaji miaka 20 kufika kwenye picha iliyowafanya wenzake wamtazame.

Anayetaka leo kujifunza kuchora mto kwa rangi za mafuta kwa mtindo wa kiromantiki, wenye mawingu yanayosukumwa na upepo, miti mizee, maji yanayomeremeta na binadamu mdogo katikati ya vyote, atapata faida kubwa akiifuatilia miaka hiyo 20 hatua kwa hatua. Karibu kila tatizo linalomkuta mwanafunzi lilimkuta Constable, naye aliacha nyuma michoro, barua na picha ambazo hazikukamilika, kwa hiyo njia aliyopita inaonekana.

Alianza kwa kunakili. Kijana huyu wa kijiji cha East Bergholt, mkoa wa Suffolk, alibahatika kufahamiana na Sir George Beaumont, tajiri mpenda sanaa aliyekuwa na picha moja ya Claude Lorrain aliyoipenda hata akawa anasafiri nayo. Picha yenyewe, ya mwaka 1646, inamwonyesha Hajiri na malaika, lakini macho ya kijana yalikwenda kwenye mandhari. Claude alikuwa na kanuni: mti mkubwa wenye giza upande mmoja, kivuli mbele kabisa, maji katikati yanayoyavuta macho kwenda ndani, na mwanga uliofifia kule mwisho wa upeo. Constable aliinakili, na mwaka 1802 alipochora bonde la Dedham alitumia mpangilio uleule, miti pembeni na mto ukizunguka katikati, ila badala ya Hajiri kukawa na bonde la kwao.

Kunakili si aibu, wala si wizi. Mwanafunzi akikaa wiki mbili na nakala ya picha nzuri ya mto, atajua ni wapi mchoraji ameweka giza lake zito kuliko yote, ni wapi ameweka mwanga mkali, na kwamba sehemu hizo mbili mara nyingi zimekaribiana. Hayo hayapatikani kwa kusoma. Hatari huja baadaye, pale mwanafunzi anapouona mto wenyewe akaanza kuulazimisha ufanane na ile picha.

Constable aliitambua hatari hiyo mapema. Mwaka huohuo wa 1802 alimwandikia John Dunthorne, fundi wa vioo na mabomba kijijini kwao aliyekuwa akichora naye mashambani, kumweleza kuwa amechoka kuutafuta ukweli kupitia kazi za wengine, na kwamba anarudi nyumbani kuchora mbele ya vitu vyenyewe. Beaumont aliendelea kumpenda, lakini walitofautiana. Mwandishi wa maisha ya Constable, C. R. Leslie, anasimulia kwamba Beaumont alisema mandhari iwe na rangi ya fidla kuukuu, ule ukahawia wa vanishi iliyozeeka. Constable hakubishana. Alichukua fidla kuukuu akailaza juu ya majani mabichi mbele ya nyumba.

Mto aliorudi kuuchora unaitwa Stour. Si mto wa kutisha. Hauna maporomoko wala mamba, na mtu mzima anaweza kurusha jiwe likafika ng'ambo. Baba yake, Golding Constable, alikuwa na vinu vya kusaga nafaka vya Flatford na Dedham, vyote vikiendeshwa na maji ya mto huo, pamoja na matishari yaliyobeba shehena hadi bandari ya Mistley ili iendelee kwa bahari mpaka London. Kijana alifanya kazi kwenye vinu kabla ya kuruhusiwa kwenda kusomea uchoraji. Alijua lango la maji linafunguliwaje, gurudumu la kinu linageuka kwa kasi gani maji yakipungua, na upepo gani unaleta mvua.

Ujuzi huo umo ndani ya picha zake, na hapa ndipo wengi wanapomkosea. Wanadhani uromantiki ni kurembesha. Farasi mweupe yumo ndani ya tishari kwa sababu pale njia ya farasi wanaovuta vyombo iliishia ukingo mmoja na kuendelea ukingo wa pili, kwa hiyo mnyama alilazimika kuvushwa. Katika picha yake ya mwaka 1825 farasi anaruka kizuizi cha mbao, naye haruki kwa mbwembwe: vizuizi vya karibu mita moja viliwekwa kwenye njia hiyo ili ng'ombe wasihame kutoka shamba moja kwenda lingine, na farasi wa matishari walifunzwa kuviruka. Wakati wa kuchora *The Hay Wain*, picha yake inayojulikana kuliko zote, alikuwa London na hakuwa na uhakika wa umbo la mkokoteni wa kubebea majani makavu. Ndugu yake Abram, aliyekuwa akiendesha vinu, alimwomba Johnny, mtoto wa yule fundi Dunthorne, auchore mkokoteni huo, na michoro ikatumwa mjini.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa mwanafunzi halihusu rangi. Ni mto gani anaoujua? Si lazima uwe mzuri. Mto anaouvuka kila siku akienda kazini, akajua akina nani wanachota maji pale, wapi wanafulia, wapi mchanga huchimbwa na mti gani huzama nusu masika yakikolea, utamfaa kuliko ziwa la Uswisi aliloliona kwenye kalenda. Hisia inayotafutwa na uromantiki hutoka kwenye kumbukumbu za mahali, na mahali pasipo kumbukumbu mkono huishia kupapamba tu.

Baada ya kuchagua mto kuna safari mbili za kazi: moja ukingoni, ambayo ni ya haraka, na nyingine chumbani, ambayo ni ya polepole.

Ukingoni Constable alichukua kisanduku kidogo cha rangi na kuchora juu ya vipande vya karatasi au kanvasi vilivyobanwa ndani ya kifuniko chake. Vingi havikuzidi ukubwa wa daftari. Kabla ya kuanza, sehemu ya kuchorea ilikuwa imeshapakwa rangi ya msingi ya hudhurungi iliyoelekea wekundu. Jambo hili dogo lina faida kubwa. Juu ya kanvasi nyeupe kila rangi huonekana nzito, na mwanafunzi hupoteza saa nzima akifunika weupe. Juu ya msingi wa hudhurungi anaweza kuanza moja kwa moja na giza la miti na mwanga wa anga, akauacha msingi uchungulie kati ya majani na kwenye kingo za udongo. Pia kijani kilichozungukwa na wekundu kidogo hupata uhai bila kuongezwa ukali.

Mchoro wa ukingoni usizidi saa moja na nusu. Jua likisogea, vivuli vinahama, na anayeendelea kuchora saa tatu mfululizo huishia na picha yenye majua mawili. Usiandame majani. Tafuta maumbo makubwa manne au matano: anga, kundi la miti, ukingo, maji, na kama kuna mtu au mnyama, doa moja la rangi linalotosha kumwonyesha. Kufinya macho mpaka yakaribie kufumba husaidia, kwa kuwa vitu vidogo hupotea na kubaki giza na mwanga tu.

Constable aliwahi kujaribu kuikamilisha picha nzima palepale nje. Picha ya ujenzi wa tishari karibu na kinu cha Flatford, aliyoionyesha mwaka 1815, aliichora karibu yote mbele ya kazi yenyewe, na joto la mchana linasikika humo hadi leo. Lakini kanvasi ya mita 1.9 haibebeki mashambani. Ndipo akabuni njia ambayo kabla yake haikuwa kawaida kabisa: kwa kila picha kubwa ya mto alitengeneza kwanza rasimu ya mafuta yenye ukubwa uleule. Ile ya *The Hay Wain* ipo katika jumba la Victoria and Albert, London. Rangi imetupwa kwa nguvu, msingi wa hudhurungi uko wazi sehemu nyingi, na kuna vitu ambavyo baadaye aliviondoa. Kwenye picha ya mwisho aliweka mtu juu ya farasi ukingoni mwa maji, akamfuta; akaweka pipa mahali pake, nalo akalifunika. Aliyebaki ni mbwa peke yake. Picha hiyo inastahili kutazamwa kwa muda mrefu na kila mwanafunzi anayeogopa kufuta kitu kwa sababu tu kimemchukua siku mbili kukichora.

Rangi ya mafuta ndiyo inayoruhusu mabadiliko hayo, kwa sababu haiharakishi kukauka. Ni unga wa rangi uliosagwa ndani ya mafuta, aghalabu ya kitani, na mafuta hayo hayakauki kwa kuvukiza kama maji. Hunyonya oksijeni ya hewani, yakabadilika taratibu kuwa utando mgumu. Tabaka jembamba linaweza kushikika baada ya siku chache; tabaka nene huchukua wiki kadhaa, na ndani yake huendelea kubadilika kwa miezi. Rangi zenyewe nazo hutofautiana: hudhurungi ya udongo wenye manganizi hukauka haraka, nyeusi nyingi huchelewa.

Kutokana na hilo kuna kanuni ambayo mafundi hawaivunji. Tabaka za chini ziwe na mafuta kidogo, zilainishwe kwa tapentaini. Za juu ziwe na mafuta zaidi. Ukigeuza mpangilio, juu patakauka kabla ya chini, na chini pakiendelea kujikunja, juu patapasuka. Na tahadhari moja isiyohusu urembo hata kidogo: vitambaa vyenye mafuta ya kitani visirundikwe kona ya chumba. Ule unyonyaji wa oksijeni hutoa joto, na rundo linaweza kushika moto lenyewe bila kiberiti. Vitandazwe nje vikauke, au vilowekwe ndani ya ndoo ya maji.

Constable hakuwahi kutumia tyubu. Rangi za zama zake zilifungwa ndani ya vibofu vya nguruwe, mchoraji akatoboa kwa msumari na kukamua. Tyubu ya bati ilibuniwa na mchoraji Mmarekani aliyeishi London, John Goffe Rand, mwaka 1841, miaka minne baada ya Constable kufariki. Mwanafunzi wa leo anaanza akiwa na nafuu kubwa, na hahitaji tyubu 30. Nyeupe ya titaniamu, ambayo imechukua nafasi ya nyeupe ya risasi yenye sumu, ultramarini, njano moja nyepesi, udongo wa njano, udongo mwekundu uliochomwa, nyekundu moja kali na hudhurungi nzito zinatosha kuchora mto wowote duniani.

Sasa maji yenyewe.

Anayeanza hufungua bluu kabla hajatazama. Maji ya mto hayana rangi ya kudumu; yana rangi mbili kwa pamoja, ile ya kilicho juu yake na ile ya kilicho ndani yake, na anayegawa kiasi cha kila moja ni pembe ya jicho. Simama ukingoni uangalie karibu na miguu yako. Unapoangalia chini hivyo, mwanga mwingi hupenya, ukaona changarawe, majani yaliyooza, hudhurungi ya matope. Inua macho kidogo kidogo kuelekea ng'ambo. Sakafu ya mto inapotea na mahali pake inakuja taswira ya miti na anga, mpaka kule mbali kabisa maji yanabaki kuwa kioo kitupu. Kwa hiyo hudhurungi ya joto hukaa chini ya kanvasi na rangi ya anga huongezeka kadiri mto unavyorudi nyuma. Badiliko hilo peke yake hulaza maji. Bila hilo mto husimama wima katikati ya picha, kosa linaloonekana kwenye kazi nyingi za mwaka wa kwanza.

Taswira nazo zina sheria zake. Ya mti hushuka wima moja kwa moja chini ya mti, kumwelekea anayetazama, hata kama kivuli chake kimeanguka upande. Kitu cheusi majini huonekana chepesi kidogo kuliko kilivyo, na kitu cheupe huonekana kimefifia kidogo. Na maji hayaonyeshi nakala ya kile unachokiona juu: hutazama vitu kutoka chini. Ukichora daraja, ndani ya maji ionekane sehemu ya chini ya sakafu yake ambayo wewe uliyesimama ukingoni huioni vizuri. Kugeuza picha juu chini na kuinakili kunaleta taswira iliyo nadhifu, lakini ya uongo.

Njia ya mkono ni hii. Paka taswira za miti kwa brashi pana ukivuta kutoka juu kwenda chini, rangi ikiwa nyembamba na bado mbichi. Kisha safisha brashi, ikauke, na uipitishe juu yake kwa mlalo, kidogo sana, mara moja, bila kukandamiza. Kingo za taswira zitayeyuka. Subiri. Tabaka hilo likishakauka, ongeza mistari michache ya mlalo yenye rangi ya anga pale upepo unapogusa uso wa maji, kwa kuwa maji yaliyochafuliwa na upepo huacha kuonyesha mti na kuonyesha anga. Mistari mitatu mahali sahihi inazidi thelathini iliyotapakaa. Mng'ao mkali ni wa mwisho, kwa kisu cha kuchanganyia, rangi nene. Constable aliunyunyizia hata majani na mbao zilizolowa, na wakosoaji wakaibeza nyeupe hiyo kuwa ni theluji yake. Ilikuwa unyevu, umande na jua, na London iliyozoea vanishi ya kahawia haikuwahi kuona unyevu umechorwa hivyo.

Kwa kuwa nusu ya mto ni anga iliyolala chini, anayechora mto hana budi kujifunza mawingu. Mwaka 1821 na 1822, akiwa amepanga nyumba Hampstead, mahali palipoinuka kaskazini mwa London, Constable alichora makumi ya vipande vya anga tu, vingine bila hata ncha ya mti. Nyuma ya vingi aliandika tarehe, saa, upepo unatoka wapi, na hali ya hewa iliyofuata. Mafunzo haya ni ya bei nafuu kuliko yote: kipande cha karatasi nene, rangi nne, dakika 30. Baada ya michoro 10 hivi mwanafunzi hugundua kwamba wingu lina sehemu ya chini iliyo bapa na ya kijivu, kwamba mawingu hupungua ukubwa kuelekea upeo, na kwamba anga ya karibu na upeo si bluu sawa na ile ya juu ya kichwa.

Kijani ni mtihani mwingine, na kimewashinda watu hodari. Mandhari ya mto imejaa kijani, na kijani cha tyubu hufanya shamba zima lifanane na ukuta mpya wa zahanati. *The Hay Wain* ilipoonyeshwa London mwaka 1821 haikupata mnunuzi. Mfanyabiashara John Arrowsmith akaja kuinunua pamoja na picha nyingine mbili kwa pauni 250, na mwaka 1824 ikaonyeshwa kwenye Salon ya Paris, ambako Mfalme Charles X aliipa medali ya dhahabu. Eugène Delacroix aliiona, akarudi kuigusa upya picha yake kubwa ya mauaji ya Chios iliyokuwa kwenye maonyesho yaleyale. Baadaye aliandika katika shajara yake kile alichojifunza: kijani cha malisho ya Constable kina nguvu kwa sababu kimejengwa kwa kijani nyingi tofauti zilizowekwa kando kando bila kusagwa kuwa moja. Constable mwenyewe hakuwahi kukanyaga Ufaransa.

Mwanafunzi na achanganye kijani zake mwenyewe: bluu na njano kwa majani yenye jua, bluu na udongo wa njano kwa miti ya mbali, hudhurungi na ultramarini kwa kina cha kivuli, na tone la wekundu ndani ya kila moja ili isipige kelele. Kisha aweke mahali pamoja rangi nyekundu isiyochanganywa. Kwenye *The Hay Wain* ni mapambo ya vifaa walivyofungwa farasi. Eneo lake ni dogo mno, lakini kila kijani kilicho karibu kinaamka.

Nguvu ya tone hilo Constable aliionja vibaya mwaka 1832. Picha yake ya mto Thames siku ya kufunguliwa kwa Daraja la Waterloo, aliyoihangaikia kwa zaidi ya miaka 10, ilitundikwa karibu na bahari ya kijivu ya J. M. W. Turner. Leslie anaeleza kwamba Turner aliingia, akatazama rangi nyekundu nyingi za jirani yake, akaweka doa moja la duara jekundu katikati ya kijivu chake, akaondoka. Nyekundu zote za Constable zikapoa ghafla. Kabla muda wa kugusa picha haujaisha, Turner alirudi akaligeuza doa kuwa boya.

Ng'ambo ya Atlantiki mafunzo haya yalichukua sura nyingine. Thomas Cole alizaliwa Bolton, Uingereza, mwaka 1801, akahamia Marekani na familia yake mwaka 1818. Mwaka 1825 alipanda mto Hudson akiwa na daftari, na picha tatu alizozitoa huko zikanunuliwa na wachoraji wenzake watatu wa New York, mmoja akiwa Asher Durand. Mwishoni mwa miaka ya 1820 alirudi Uingereza akakutana na Constable. Mwaka 1836 akachora *The Oxbow*, mto Connecticut ukijikunja chini ya mlima Holyoke: kushoto pori, mti uliovunjika na dhoruba inayoondoka, kulia mashamba yaliyolimwa chini ya jua. Katikati ya mawe, mdogo kiasi cha kupitwa na macho, yupo Cole mwenyewe amegeuka kututazama akiwa na brashi.

Cole alikuwa na desturi ya kuchora kwa penseli mbele ya mandhari, akiandika rangi kwa maneno, kisha kuacha muda upite kabla ya kugusa kanvasi. Aliamini kwamba kumbukumbu huchuja: vitu vidogo visivyo na maana husahaulika, na kinachobaki ndicho kilichomgusa mtu. Afrika Mashariki nayo ina ushahidi wa nguvu hiyo. Chuoni Makerere, Margaret Trowell aliwasimulia wanafunzi tukio na kuwaacha wachore kile walichokiona akilini. Mmoja wao, Sam Ntiro, aliyezaliwa Uchagani mwaka 1923 na kuendelea na masomo Slade School, London, alichora kwa mafuta maisha ya migombani kwao. Picha yake ya mwaka 1956, ya wanaume wanaompelekea bibi harusi pombe ya ndizi usiku, ipo katika Makumbusho ya Sanaa ya Kisasa ya New York. Hakufuata kanuni za Claude hata moja. Vilima vyake na watu wake vimepangwa na kumbukumbu, na picha inasimama.

Durand aliona vingine. Katika barua zake kuhusu uchoraji wa mandhari, zilizochapishwa mwaka 1855, alimshauri anayeanza aende kwanza porini na penseli, achore mti mmoja mpaka aujue kwa jina na kwa tabia, ndipo azitazame picha za wakubwa. Frederic Church yeye alipata vyote viwili. Mwaka 1844, akiwa na miaka 18, alihamia Catskill kuishi na kujifunza kwa Cole kwa miaka miwili, wakipanda milima wakichora. Mwaka 1859 alionyesha New York picha ya Andes yenye mto na maporomoko, iliyochorwa kwa uangalifu wa mtaalamu wa mimea. Watu walilipa senti 25 kuingia, na wengine walikuja na darubini ndogo ili wayaone majani.

Kati ya njia hizo, anayeanza atapata zaidi kwa Durand kwanza, Cole baadaye. Kumbukumbu haiwezi kuchuja kile ambacho jicho halikukusanya.

Picha ikikamilika haipakwi vanishi siku hiyo. Isubiri miezi sita hadi kumi na miwili, kwenye mwanga wa kawaida, kwa kuwa mafuta yakifungiwa gizani huwa na umanjano. Wakati huo mwanafunzi arudi mahali palepale kwa saa nyingine na majira mengine. Nyumba ya mkulima Willy Lott, ile iliyo kushoto kwenye *The Hay Wain*, Constable alianza kuichora akiwa kijana na bado alikuwa akiichora mwaka 1835, alipoionyesha kwa mara nyingine katika *The Valley Farm*, safari hii kutoka upande mwingine wa maji. Robert Vernon aliinunua kwa pauni 300. Maonyesho yalipokwisha, picha ikiwa imeshauzwa, Constable aliendelea kuikwangua na kuipaka hadi majira ya baridi.